Usingizi wa Florentine

Kolwezi, Kasulo, 19 Februari 2024

Kwa yaya Tharcisse, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu, yaya. Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Naandika Kiswahili cha misheni kama baba alivyotufundisha, ingawa kalamu yenyewe inataka kukimbilia Kifaransa. Mume wangu Kisimba amerudishwa zamu ya mchana kule mgodini. Lori ni lilelile na mgongo unamuuma vilevile. Watoto wanasoma. Ule ufa wa sebuleni sasa umefika dirishani. Jirani wa kushoto amezungushia ua wake maturubai, tunasikia sururu chini ya sakafu yetu mchana kutwa, na ukimuuliza kama anafuata kobalti anasema anachimba choo. Natumaini huko Mulongo mto haujaingia tena hospitalini kwenu kama mwaka jana.

Sasa neno lenyewe. Mke wako, yaya Florentine, alipasuliwa Alhamisi. Rovu la shingoni limetoka lote, kubwa kama ngumi ya mwanaume, na munganga Muteba, daktari aliyempasua, anasema halina ubaya ndani. Kidonda cha shingo ni safi. Lakini usingizi unakawia kumtoka. Tansio ya damu ilipanda kidogo wakati wa kumwekea mpira wa kupumulia, na mpaka leo anafumbua macho na kuyafumba, hajasema neno. Dada yake, Mama Ernestine, hatoki pale kitandani. Mimi pia nampitia kila nikimaliza kazi.

Usiogope. Nilikupigia simu siku ileile, haikupita. Kwa hiyo barua hii nampa mama Laure, anayeshuka kwa treni hadi Bukama kuchukua samaki. Anasema kutoka pale watu wa boti watakufikishia.

Mudogo wako,
Rachelle


Mulongo, 11 Machi 2024

Mudogo wangu Rachelle,

Nakusalimu wewe, Kisimba na watoto. Barua yako ililala siku kumi na nne Bukama, kisha siku tano mtoni. Karatasi inanuka samaki lakini maneno yanasomeka. Huku maji yamefika kwenye ngazi ya jiko la hospitali, hayajapanda zaidi. Tuna wagonjwa wa kipindupindu kwenye madarasa mawili ya shule. Mwenye kutoa dawa ya usingizi bado ni mimi peke yangu. Mama akihitaji kupasuliwa ili azae, ni mimi, na mvuvi akivunjika nyonga, ni mimi.

Umeandika “kidogo”. Neno hilo nililikataza tangu ulipokuwa mwanafunzi wangu wa dawa ya usingizi Likasi. Tansio inatoka kwenye namba na kufika kwenye namba. Niandikie hizo namba: alianza na ngapi, akafika ngapi, ikakaa juu dakika ngapi.

Unajua kama ninavyojua. Mtu mwenye tansio ya miaka mingi, ukimpitishia kooni chuma cha kuonea njia ya mpira kabla dawa haijamtuliza, moyo wake unashtuka kama mtu aliyevamiwa nyumbani, na damu inakimbilia kichwani. Ndiyo maana tunatoa fentanili kwanza, tunangoja, ndipo dawa ya kulaza, ndipo mpira. Je, kabla ya mpira alipewa nini? Nani alimlaza? Na mkono wake wa kuume unashika?

Mwambie Florentine namsalimu. Hata asipojibu, mwambie.

Kaka yako,
Tharcisse


Kolwezi, Kasulo, 2 Aprili 2024

Yaya Tharcisse,

Amani ya Pasaka iwe kwako. Sisi tuliisherehekea kwa ugali na kuku mmoja, na Kisimba alipata ruhusa ya siku moja. Mtoto wetu wa mwisho amepata ubatizo. Padri amekukumbuka kwa jina akauliza utarudi lini.

Nakujibu. Tansio ilianza kwenye 14 kwa 9, mashine inaandika 140 kwa 90. Ilifika 24 kwa 13. Ilikaa juu dakika tisa hivi. Skana ya kichwa ilionyesha damu upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kuume haushiki, na mguu ni vilevile. Maneno hayatoki, ila nadhani anasikia yote, maana kwaya ilipokuja kumwimbia machozi yalimtoka. Tumemrudisha nyumbani kwenu Mutoshi wiki iliyopita. Anameza uji mzito; uji mwepesi unampalia. Nilimpa salamu zako. Alinitazama muda mrefu.

Kuhusu dawa: fentanili ilikuwa imekwisha hospitalini wiki ile. Walitumia kilichokuwepo. Siku hiyo kulikuwa na watu wengi mle chumbani na mambo yalikwenda haraka, sikumbuki yote kwa mpangilio.

Mama Ernestine ndiye anayemwosha na kumlisha. Kila anayekuja kutoka hospitali anamuuliza swali moja. Juzi aliniuliza na mimi: “Mudogo yangu, nani alimulalisha? Munganga iko na jina. Wa kufunga kidonda iko na jina. Ule wa dawa ya usingizi, njo pekee hana jina?”

Nikamwambia chakula kinapoa.

Yaya, kwa nini huji? Miezi miwili inakaribia. Watu wa Kanisa wanauliza, na wakwe zako wanauliza zaidi. Wewe ni mumewe.

Rachelle


Mulongo, 6 Mei 2024

Rachelle,

Nakusalimu na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima.

Juma lililopita nilipanda kilima kinachopata mtandao, nikampigia Dimitri anayeshika duka la dawa pale hospitalini kwenu. Nilijifanya namwomba atuazime fentanili. Akaniambia mzigo wake ulifika mwanzoni mwa Februari na haijakosekana hata siku moja tangu hapo. Hajui kwa nini niliuliza.

Nilimuuliza pia nani aliyekuwa na kazi ya usingizi Alhamisi ile. Jibu lake ninalo. Nataka lako.

Kuhusu kuja kwangu, kazi ya huku hainiachi.

Tharcisse


Kolwezi, Kasulo, 27 Mei 2024

Yaya,

Salamu leo ni fupi, unisamehe. Tuko hai. Kisimba amehamishia vitanda vya watoto upande wa jikoni kwa sababu ya ufa.

Ni mimi niliyemlaza.

Haikupaswa kuwa mimi. Kwenye orodha alikuwa mwenzangu Tatiana, na ilikuwa sawa, kwa sababu hatukubali mtu alaze ndugu yake. Lakini Florentine alipofika asubuhi ile alikaa kwenye benchi la korido akakataa kuvua nguo. Akasema, “Kama ni Rachelle, mi naingia. Kama ni mungine, mi narudia ku nyumba.” Nilipoitwa nilifurahi, yaya. Nakuambia kweli ili unijue vizuri: nilifurahi kwamba ananitaka.

Nilimpima mwenyewe, 14 kwa 9. Nilishangaa. Kwenye kadi yake wamemrudisha nyumbani mara mbili bila kumpasua, mara ya kwanza na 19, mara ya pili na 18. Nikamuuliza amefanya nini. Akacheka akasema Mungu amesikia. Ilinipasa nimpime tena baada ya saa moja. Sikufanya hivyo. Namba ilikuwa nzuri, sikutaka kuiharibu.

Alipolala mezani hakuweza kulala chali kwa sababu ya rovu, tukamwinua mabega. Alinishika kifundo cha mkono akasema, “Rachelle, kuko kitu yaya yako aliniambia.” Hapo umeme ukakatika, ukarudi. Mashine zikaanza kupiga kelele, tukazizima. Munganga Muteba alikuwa mlangoni, mikono imeshaoshwa ameiinua juu. Akasema, “Rachelle, tunangoja nini? Kurà ya umeme ikienda tena, nitafunga hii sale ya kupasulia, naye atarudia ku nyumba mara ya tatu.”

Nikamwambia Florentine, “Utaniambia ukiamka.”

Nilimpa fentanili. Nilimpa ya kutosha, yaya, kwa uzito wake. Ulitufundisha dakika tatu, na kwa mwenye tansio hata tano, na nilikuwa nawafundisha wengine hivyohivyo. Nilitazama saa ya ukutani. Sijui kama dakika moja ilipita. Nikampa dawa ya kulaza, nikampa ya kulegeza misuli, nikaingiza chuma.

Rovu lilikuwa limesukuma koromeo pembeni. Mara ya kwanza sikuona kitu. Nikatoa, nikampa hewa, nikaingiza tena, nikavuta kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu mpira ukaingia. Alikuwa amelala, hakusogeza hata kidole, lakini mwili wake ulikuwa unasikia kila nilichokuwa nafanya. Nilipogeuka kwenye mashine niliona 24 kwa 13. Nikaongeza dawa, ikakaa, ikakaa, ndipo ikaanza kushuka. Munganga akauliza, “Iko muzuri?” Nikasema, “Iko muzuri.” Akakata. Tulifanya kazi saa mbili, naye chini ya kitambaa damu ilikuwa imeshamwagika kichwani.

Kwenye karatasi niliandika 17, si 24.

Munganga anajua. Nilimwambia siku ya tatu, ilipoonekana haamki. Akasema kuandika upya hakutamrudishia mtu ulimi. Sikumpinga. Wewe nilikuandikia kwamba dawa ilikosekana kwa sababu dawa iliyokosekana haina ndugu wa kuulizwa.

Mama Ernestine bado sijamwambia. Nakwenda pale kila Jumapili, nakaa dakika chache, Florentine ananitazama, mimi natazama mikono yangu.

Niandikie chochote.

Rachelle


Kolwezi, Kasulo, 8 Julai 2024

Yaya Tharcisse,

Barua hii haiendi Bukama. Kisimba anaipitisha Mutoshi akiwa kazini, ataiacha getini kwako.

Nilingoja jibu wiki sita. Kisha jana, baada ya misa, mama Laure akaniambia kwamba alikuona ukishuka treni moja naye, na mfuko mmoja, tarehe 1 ya mwezi huu. Alidhani najua. Nikajifanya najua. Kutoka kwangu hadi kwako ni dakika ishirini na tano kwa pikipiki.

Watoto hawajaambiwa kwamba mjomba wao yuko mjini. Hayo ndiyo ya nyumbani. Ya nje ni kwamba jirani aliyekuwa anachimba choo ameondoka ghafla pamoja na wenzake, na ofisi ya kata imetuambia tusilale tena sebuleni.

Jumamosi nilikwenda sokoni kwenye meza ya Mama Ernestine. Alikuwa anapima unga wa mahindi. Nilisimama mpaka mteja akaondoka, nikamwambia ni mimi niliyemlalisha mudogo wake, na kwamba sikungoja. Nilimweleza yote, hata 17. Hakunipigia kelele. Alifunga mfuko wa unga, akapangusa mikono, akasema: “Mi nilijua zamani. Toka siku ile hukuweza kukula mu nyumba yetu.” Kisha akasema nisikanyage Mutoshi mpaka wewe useme.

Nimeomba nitolewe chumba cha upasuaji. Wamenipeleka kwenye chanjo za watoto. Lakini Tatiana yuko peke yake, na mara mbili wameniita kwa mchimbaji aliyefukiwa shimoni na kwa mama aliyekuwa anatokwa damu. Nilikwenda. Wote wawili waliamka. Haikunifariji.

Sina la kuomba. Ila ukiwa umekuja na umenyamaza, nijue basi kwamba kunyamaza ndilo jibu, niache kutazama barabara.

Rachelle


Mutoshi, 14 Julai 2024

Mudogo wangu Rachelle,

Salamu kwako na kwa Kisimba. Watoeni watoto kwenye ile nyumba kabla ya mvua. Msingoje ofisi ya kata iseme mara ya pili.

Ni kweli niko hapa. Nimefika hadi kona ya mtaa wako mara mbili nikarudi. Barua yako ya Mei niliisoma Mulongo, nikaiweka mfukoni, na kesho yake niliomba ruhusa. Walinipa siku ileile. Kumbe wangenipa hata Februari. Sikuwahi kuomba. Nilikuandikia kwamba kazi hainiachi, na uliniamini, kama ninavyoona.

Florentine alitaka kukuambia kitu pale mezani. Nakuambia mimi.

Noeli nilipokuwa nyumbani nilimpima, akatoa 20 kwa 12. Vidonge vyake alikuwa anakunywa akikumbuka. Usiku hakuweza kulala chini, alikaa kitini kwa sababu rovu lilimbana pumzi, na wakati huo walikuwa wameshamrudisha mara mbili. Niliogopa mara ya tatu. Niliogopa nitakuwa Mulongo siku koromeo litakapofunga kabisa. Kwa hiyo nilimwachia nifedipini, nikamwambia: asubuhi ya upasuaji tafuna mbili kabla hujafika, tansio itashuka, watakukubali, na usimwambie mtu. Aliuliza, “Hata Rachelle?” Nikasema hata Rachelle. Nilijua kwamba namba hiyo ni ya kuazima. Nilijua kwamba chini yake mishipa ni ileile, na kwamba atakayemwingizia mpira atadhani ana mtu mwingine mbele yake. Mimi ndiye niliyekufundisha hayo, kisha nikakuficha.

Nilipokuuliza namba zako mwezi wa tatu, nilikuwa natafuta kosa lako. Nilitumaini nitalipata kubwa vya kutosha kufunika langu.

Siku niliyoingia alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Aliponiona alifunika macho kwa mkono wa kushoto. Baadaye alinivuta shati, akaanza kuonyesha kabati. Nikampa kioo, akakataa. Nikampa Biblia, akakataa, akaanza kulia kwa hasira. Mama Ernestine alikuwa amesimama mlangoni. Nilipofungua droo ya juu nikaona kile kiboksi cha vidonge, na viwili havimo. Nikakitoa. Akaacha kulia, akanitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

Nikasema mbele ya dada yake, “Njo mimi nilikuambia ukunywe. Rachelle hakujua.”

Mama Ernestine aliuliza mara moja tu kama ni kweli, nikamwambia ni kweli. Alikunja nguo zake mchana uleule akarudi kwake. Amemwosha mudogo wake karibu miezi mitano na hakuacha hata kijiko kichafu. Simlaumu.

Ilikupasa ungoje zile dakika, Rachelle. Siwezi kuandika kwamba haikuwa kitu. Na mimi ningesema ukweli, ungengoja, au ungekataa kumlaza kabisa. Nimejaribu kupima lipi lilimvunja na nimeshindwa, na hata nikijua, yeye haimsaidii. Neno la kusamehe sijalipata, si la kukupa wewe wala la kujipa mimi. Usiningojee kwa hilo.

Lakini kidonda cha kulala sana kimemfunguka Florentine nyongani, na kingine kinaanza mgongoni. Kumgeuza kunataka watu wawili, na mimi niko peke yangu.

Njoo kesho, kabla jua halijawa kali.

Tharcisse